Umemwachia Mungu, Basi Mwachie

"Nakuachia Mungu" ni maneno yenye sauti mbili. Kuna yanayosemwa polepole na mtu aliyekaa kwenye mkeka, au anayetoka mahakamani na bahasha yake kwapani, na maana yake ni kwamba nguvu zimemwisha. Kuna na yale yanayosemwa mlangoni pa watu, kidole juu, kanga imekazwa kiunoni, majirani wakisikia. Hayo ya pili ni laana iliyovaa nguo za kanisani. Anayeambiwa analijua hilo vizuri, ndiyo maana hujibu haraka, "Mungu tumwache, tuongee mimi na wewe!"

Wengi wetu tukikosewa husema kwa sauti ya pili. Tunampa Mungu kazi kama tunavyompa fundi, pamoja na maelekezo na muda wa kumaliza, kisha tunapita kila siku kuangalia amefikia wapi. Mwongozo huu ni wa mtu wa namna hiyo. Ugonjwa wake naufahamu kwa sababu niliugua.

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua kiwanja pembezoni mwa Dar es Salaam, ishirini kwa ishirini. Tuliandikiana na muuzaji mbele ya mashahidi, muhuri wa serikali ya mtaa ukagongwa. Miezi minane baadaye jirani wa kule akanipigia simu: "Naona umeanza kujenga, hongera sana." Nilikuwa sijapeleka hata tripu moja ya mchanga. Kiwanja kilikuwa kimeuzwa tena kwa mtu mwingine, na muuzaji alikuwa na bajaji mbili mpya barabarani.

Nikatangaza nyumbani, nikatangaza na kwenye jumuiya, kwamba nimemwachia Mungu. Kisha kila Jumamosi nikawa napanda daladala mbili na bodaboda kwenda kuutazama ukuta wa mtu mwingine ukipanda. Nilijua siku walipomwaga jamvi. Nilijua wamefika kozi ya ngapi. Nilijua lenta imefungwa nondo za milimita ngapi. Siku moja fundi akashuka kwenye jukwaa, akavua kofia, akanisogelea. "Shikamoo mzee. Hapa kwenye dirisha la jikoni tuongeze kozi moja au tuache hivi?" Alidhani mimi ndiye mwenye nyumba. Mwenyewe alikuwa hajakanyaga pale wiki tatu.

Nilicheka peke yangu ndani ya daladala hadi kondakta akaniangalia. Nilipofika nyumbani nikapiga hesabu: nauli ya mwezi mmoja ya kwenda kumchukia mtu ilikaribia bei ya mifuko miwili ya saruji.

Acha kukagua

Zaburi ya 37 imeandikwa kwa ajili ya mtu aliyesimama pale nilipokuwa nimesimama. Kitenzi cha Kiebrania kinachotumika kwa kukerwa na waovu kina asili ya kuwaka, kama moto, na umbo lake ni la mtu kujifanyia mwenyewe, kana kwamba Kiswahili kingesema kujiwasha. Kitenzi hicho kinarudi mara tatu katika mistari minane ya mwanzo. Mshairi hamsemi mtu aliyepandwa na hasira akapoa. Anamsema anayeuchochea moto wake, akisikia unafifia anaongeza kuni.

Zaburi hiyo imepangwa kwa kufuata herufi 22 za alfabeti ya Kiebrania, kama somo ambalo mwalimu anataka likae kichwani. Msemaji wake ni mtu aliyekwisha kuzeeka. Na habari yake kubwa, ukiisoma bila haraka, ni ardhi. Mara tano inarudia ahadi ya nani atakayeirithi nchi, na neno lenyewe ndilo lile linalotumika kwa ardhi hii tunayoikanyaga. Ahadi hiyo hiyo Yesu aliichukua akaiweka katika Mathayo sura ya 5. Hata mkopaji asiyerudisha deni ametajwa katika zaburi hiyo. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba mambo ya viwanja na madeni hayahusiani na imani, mwambie akaifungue.

Sasa, kwa vitendo. Anza na simu yako. Picha na habari anazoweka yule aliyekukosea zifiche zisikutokee, lakini usimfute wala usimfungie, kwa sababu kumfungia ni tangazo, na yeye ataanza kukuuliza kwa watu. Kama njia yako ya kazini inapita mbele ya duka lake, na kuna njia nyingine, pita hiyo nyingine kwa miezi mitatu. Wanaokuletea habari zake, na siku zote wapo, waambie bila ukali: "Asante ndugu yangu, ila hiyo habari sina pa kuiweka." Watakuja mara mbili tatu, kisha wataipeleka kwa mwingine.

Halafu hesabu wiki hii umeisimulia habari hiyo kwa watu wangapi wasio na uwezo wa kukusaidia. Wakili ana uwezo. Mwenyekiti wa mtaa anao. Mwenza wako anastahili kujua. Abiria mwenzako kwenye daladala ya Mbagala hana anachoweza kufanya isipokuwa kusema "watu wabaya sana", na ukishuka hapo unakuwa umewaka upya. Mimi nilifika mahali nikawa naisimulia vizuri, nimejua pa kutulia na pa kupandisha sauti. Nilipogundua kwamba habari ya kuibiwa kwangu imekuwa kama mchezo wa kuigiza ninaoupenda, niliogopa.

Nafasi ikiachwa wazi, moto utairudia. Zaburi ile ile, katika pumzi moja na kumtumaini Mungu, inaagiza kutenda mema na kukaa mahali ulipo. Zile Jumamosi nilizirudisha kwa binti yangu aliyekuwa akihangaika na hesabu za darasa la sita. Sikuwa mtakatifu, nilikuwa nakagua madaftari badala ya tofali. Lakini madaftari yalikuwa yangu.

Sema, lakini sema panapostahili

Wapo wanaodhani kumtumaini Mungu ni kufunga mdomo. Biblia haiko hivyo. Habakuki anaanza kitabu chake kwa kulalamika. Asafu, katika Zaburi ya 73, anakiri kwamba aliwaonea wivu waovu, akawatazama walivyonenepa na wasivyosumbuliwa na lolote, mpaka miguu yake ikakaribia kuteleza. Kilichombadilisha ni kuingia patakatifu. Hakusubiri kwanza kusikia kwamba mmoja wao amefilisika. Na Zaburi ya 109 ina maombi makali kuliko ya shangazi yeyote uliyewahi kumsikia mlangoni. Tofauti ni mahali yanaposemwa. Mshairi anayamwaga mbele ya Mungu, na hukumu anamwachia Mungu huyo huyo.

Basi sali kwa majina. Mtaje. Taja kiasi cha pesa, taja tarehe. Sema unavyotamani bajaji zile ziishie kwenye mtaro, kama ndivyo unavyotamani, kwa sababu huyo unayemwambia anajua tayari. Mungu hashtushwi na lugha ya mtu aliyeibiwa. Ukimaliza, nyamaza kidogo kabla ya kuinuka. Mara nyingi ni katika kimya hicho utasikia ulichokisema.

Ninachokushauri ukae nacho mbali ni yale maombi ya kuuziwa. Kuna mikutano ambako adui ni jina la kila mtu anayekukera, na sadaka yake ina kiwango. Kuna na wanaokwenda kwa mganga kumtupia mtu, na huku Pwani wapo wanaokimbilia kumsomea mtu Albadiri kwa kuku aliyepotea. Majina ni tofauti, biashara moja: umekodi mkono wa kupiga, ukaita ibada. Wahenga walisema Mungu si Athumani. Hatumwi.

Dai lako lishike

Hapa ndipo watu wema wengi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Hukumu na dai ni vitu viwili. Ukitaka kujua umebeba kipi, jiulize swali hili usiku, peke yako: nikirudishiwa leo kila kilichopotea, hadi senti ya mwisho, nitataka bado aumie? Ile sehemu inayojibu "ndiyo" ndiyo ya kumwachia Mungu. Iliyobaki ni dai, na dai lina ofisi zake.

Paulo ndiye aliyewaandikia Warumi, sura ya 12, wasijilipizie kisasi. Paulo huyo huyo, katika Matendo sura ya 16, alichapwa na kufungwa Filipi bila kuhukumiwa. Asubuhi wakubwa wa mji walipotuma watu waseme atoke zake kimyakimya, alikataa. Yeye ni raia wa Roma. Waje wenyewe wamtoe. Wakaja. Miaka ya baadaye alikata rufaa kwa Kaisari. Hakuona mgongano, nami siuoni. Waislamu nao wana ile hadithi maarufu ya mtu aliyemuuliza Mtume kama amfunge ngamia wake au amwache huru na kutawakali. Aliambiwa amfunge kwanza, kisha atawakali.

Kwa mtu wa Tanzania Bara mwenye mgogoro wa ardhi kama wangu, kumfunga ngamia ni hivi. Kusanya karatasi zote mahali pamoja: hati ya mauziano, stakabadhi, ujumbe wa simu, majina ya mashahidi na namba zao wakiwa bado hai na bado wanakumbuka. Piga nakala, nakala nyingine ikae nje ya nyumba yako. Nenda Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 kazi ya Baraza hilo katika ardhi ni kusuluhisha, si kuamua. Usuluhishi ukishindikana ndani ya siku 30, unakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kama kuna utapeli, polisi wana kosa la kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu. Fungua taarifa, pata namba yake ya kumbukumbu (RB).

Na usilale. Sheria ya ukomo inampa mtu miaka 12 kudai ardhi yake, na miaka 6 kwa madai mengi ya mikataba. Nimewasikia wazee waliomwachia Mungu shamba la baba yao kwa miaka ishirini, kisha wakaambiwa muda umepita. Mungu hakuwatupa. Waliitumia imani kama kisingizio cha kuogopa kwenda ofisini. Nasema hivyo kwa huruma, kwa sababu ofisi hizo zinachosha, na "njoo kesho" zake zinaweza kumtoa mtu imani kuliko hata tapeli mwenyewe. Ila nenda. Ukifika kwenye benchi, hapo ndipo utahitaji kumtumaini Mungu kwa kweli, kwa sababu kesi itaahirishwa na wewe utatakiwa kurudi nyumbani ukiwa mtu yule yule.

Kwenda kwangu Barazani kulinifundisha kitu ambacho ukuta haukunifundisha. Yule mnunuzi wa pili naye alikuwa ametapeliwa. Ana karatasi kama zangu, muhuri kama wangu, na mkopo wa saccos juu yake. Mwaka mzima nilikuwa namchukia mtu ambaye tulipaswa kukaa upande mmoja wa chumba.

Nisimame hapa niseme jambo jingine, hata kama linakatiza. Kuna makosa ambayo mtu yeyote akikuambia "mwachie Mungu", akimaanisha unyamaze, usimsikilize, hata akiwa na kola shingoni. Mwanamke anayepigwa. Mtoto anayeingiliwa na mjomba. Hapo kunyamaza ni kumlinda mkosaji. Vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto, na kwa mtoto kuna namba 116 ambayo ni ya bure. Piga leo. Nimeona vikao vya ukoo vikimalizika kwa sala na soda, na mtoto akirudishwa nyumba ile ile. Sala ile sijui ilielekezwa kwa nani.

Tafuta Abigaili wako

Kichwa cha Zaburi ya 37 kinamtaja Daudi, naye hakuzaliwa mpole. Soma 1 Samweli 25. Nabali, tajiri wa kondoo 3,000 na mbuzi 1,000, alikuwa akikata manyoya ya kondoo wake. Vijana wa Daudi walikuwa wameyalinda makundi hayo nyikani. Wakaenda kuomba chakula, wakatukanwa. Daudi hakumwachia Mungu. Aliwaambia watu wake wajifunge panga, akashuka na wanaume 400, akikusudia kutoacha mwanamume hai katika nyumba ile. Kwa tusi tu, na kwa mkate walionyimwa.

Aliyemzuia alikuwa mke wa Nabali mwenyewe. Abigaili alipakia punda mikate 200, viriba viwili vya divai, kondoo watano walioandaliwa na vitu vingine, akamwahi njiani. Hakumwambia Daudi kwamba hana haki ya kukasirika. Alimwonyesha siku za mbele: utakapokuwa mtawala, damu hii itakukaa moyoni. Daudi akarudi. Siku kama kumi baadaye Nabali akafa bila mkono wa Daudi kuhusika.

Ninachokitoa hapo si kwamba adui yako atakufa baada ya siku kumi. Usiweke alama kwenye kalenda. Ninachokitoa ni kwamba hata Daudi hakujizuia mwenyewe, alizuiwa. Kwa hiyo chagua mtu mmoja, mapema, ukiwa umetulia, umpe ruhusa ya kukusimamisha. Asiwe yule anayekubaliana nawe kila unapoongea. Awe mtu anayekupenda na asiyekuogopa. Mwambie waziwazi: "Dada, ukiona nimeanza kuandika ujumbe mrefu usiku, nipigie."

Mimi nilikuwa na mama mmoja mzee wa kanisa. Nilimpelekea rasimu ya ujumbe niliotaka kuutuma kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wa muuzaji, na picha yake juu. Aliusoma wote, akavua miwani. "Mwanangu, umeandika vizuri. Na kesho kutwa wanao wakikutana shuleni na wanawe, watafanya nini?" Hakuongeza neno. Nikafuta.

Shauri langu lilichukua miaka mitatu. Kiwanja sikupata. Nilirudishiwa sehemu ya pesa, kwa mafungu, mengine yakichelewa. Bajaji sasa ni nne. Nakuambia hivi usije ukausoma mwongozo huu kama stakabadhi ya kwamba ukitulia, yeye ataporomoka. Zaburi inaahidi kwamba mwisho upo, na mimi naamini. Haitoi tarehe, wala haisemi kwamba utaitwa kushuhudia.

Siku utakaposikia ameanguka

Lakini huenda ukasikia. Biashara imekufa, au mtoto amefukuzwa shule, au yeye mwenyewe amelazwa. Simu italia, na anayekupa habari atakuwa na furaha kwa niaba yako. Utaona kitu kimeruka kifuani. Hicho usikipe jina la ushuhuda, na usisimame nacho kanisani. Kitabu cha Mithali, sura ya 24, kinaonya kuhusu furaha ya namna hiyo kwa maneno ambayo hayamfurahishi mtu aliyekosewa.

Ukiweza, nenda ukamwone, lakini kama moyo wako bado unakwenda kukagua, baki nyumbani, tuma mchango wako kwa mtu. Ukienda, nenda saa ya kuona wagonjwa kama wengine. Peleka machungwa, au uji kwenye chupa ya chai. Msalimie kwanza anayemuuguza, kwa sababu huyo hakukuuzia kitu. Kaa dakika kumi. Akianza kuomba msamaha, msikilize, asipoanza, usimwanzishie. Na kama bado mna shauri, usilitaje kitandani pale. Lina tarehe yake Barazani.